Je, Wajua? Kabla ya Kumuuliza Mtu Analeta Lini Mjukuu

Je, wajua kwamba kati ya kila watu wazima sita duniani, mmoja hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani? Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu hiyo mwaka 2023: asilimia 17.5. Katika nchi tajiri ni 17.8, katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 16.5, karibu sawasawa. Anayedhani ni laana ya ukoo wa watu fulani ajue kuwa London nako kuna foleni. Tofauti iko kwenye mfuko wa pesa, si mfuko wa uzazi.

Daktari naye haanzi kuhesabu siku ya harusi. Ugumba hutajwa baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, ingawa mwanamke aliyepita miaka 35 hushauriwa asingoje zaidi ya miezi sita. Bibi harusi wa miezi mitatu anayeulizwa na mawifi "vipi, bado tu?" hana tatizo lolote linalojulikana kitabibu, labda mawifi.

Je, wajua kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika, mume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mke? Kwetu safari huanzia kwa mke: dawa ya chango, kujifukiza, picha ya mirija, dua, maombi, kisha dawa ya chango tena. Wakati huo kipimo cha mbegu za kiume kinataka siku mbili hadi saba za kujizuia na kikombe kisafi. Hakina sindano wala ganzi. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kuumbika na kukomaa, ndiyo maana homa kali ya mwezi juzi inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo, na ndiyo maana majibu mabaya hurudiwa kabla ya kutolewa hukumu. Matubwitubwi yakimpata mwanamume aliyekwisha balehe yanaweza kuingia kwenye korodani na kuziumiza. Na vijana wanaochomwa testosteroni ili wajenge misuli wasikilize: ubongo ukiona homoni hiyo imejaa kwenye damu, huacha kuziagiza korodani kufanya kazi. Kifua kinajaa, mbegu zinakauka, na kurudi kwa mbegu huchukua miezi.

Kumwanza mke si tabia yetu peke yetu. Mwaka 1884, mjini Philadelphia, Marekani, daktari William Pancoast aliletewa mke wa mfanyabiashara aliyekuwa hashiki mimba. Akampima kwa kirefu, asione kasoro. Ndipo ikafika zamu ya mume, na ikabainika kuwa hana mbegu hata moja; kisonono cha ujanani kilitajwa kuwa sababu. Matibabu yake yaliposhindwa, mke aliitwa kana kwamba anakwenda kuchunguzwa tena. Akalazwa kwa klorofomu, na mbele ya wanafunzi wa udaktari akatiwa mbegu za mmoja wao. Akajifungua mtoto wa kiume. Mume aliambiwa ukweli baadaye, akafurahi, akaomba jambo moja tu: mkewe asijue. Hakuambiwa. Habari ilitoka mwaka 1909, Pancoast akiwa amekwisha fariki, katika barua ya Addison Davis Hard, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi wale. Vitabu huitaja kama hatua ya mwanzo ya sayansi ya uzazi. Mimi naiona ni jinai iliyovaa koti jeupe.

Wakurya wa mkoa wa Mara wana njia yao, tena ya hadharani. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari na kumwoa mwanamke kijana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya aliyetoa mahari. Mwanamume aliyesaidia kuwapata hana dai juu yao, na kijiji kizima kinajua.

Je, wajua kwamba sindano za kupevusha mayai ziliwahi kutengenezwa kwa mkojo wa watawa? Mwanamke aliyekoma hedhi ana homoni nyingi za kuchochea ovari, kwa sababu ubongo unaendelea kuziita na zenyewe zimeacha kuitika. Piero Donini wa kampuni ya Serono, Italia, aligundua namna ya kuchuja homoni hizo. Tatizo likawa malighafi: ulihitajika mkojo mwingi sana, tena wa wanawake wazee ambao hakuna shaka kuwa hawana mimba. Giulio Pacelli, mtoto wa kaka yake Papa Pius XII, alisaidia kufungua milango ya nyumba za watawa. Dawa hiyo, Pergonal, ilitumiwa na daktari Bruno Lunenfeld nchini Israeli, na mwaka 1962 akazaliwa mtoto wa kwanza.

Robo karne baadaye, mwaka 1987, Vatikani ilitoa waraka wa kukataa mimba kutungwa nje ya mwili. Al-Azhar ya Misri ilikuwa imekwisha toa fatwa yake mwaka 1980: inaruhusiwa, ilimradi mbegu ni za mume, yai ni la mke, na ndoa ingalipo, mtu wa tatu haingii.

Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mirija ya mama yake, Lesley, ilikuwa imeziba, na walikuwa wamehangaika miaka tisa. Majina yanayotajwa ni mawili, Robert Edwards mwanasayansi na Patrick Steptoe daktari. Wa tatu alikuwa muuguzi, Jean Purdy, aliyeajiriwa na Edwards mwaka 1968 na kujifunza kazi ya maabara hadi akaibeba. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kiinitete cha Louise kikigawanyika. Alipopumzika ili amuuguze mama yake, kazi nzima ilisimama mpaka aliporudi. Kibao cha kumbukumbu kilipotengenezwa huko Oldham, jina lake halikuwekwa, ingawa Edwards alilalamika kwa barua. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2010, ikaenda kwa Edwards peke yake, kwa kuwa waliokufa hawapewi. Kibao chenye majina yote matatu kilisubiri hadi 2015.

Waliohofu kuwa watoto hao watakuwa wagumba walijibiwa na mdogo wake Louise, Natalie, aliyezaliwa kwa njia hiyohiyo: alijifungua mwaka 1999, tena kwa mimba ya kawaida. Leo watoto wa aina hiyo wamepita milioni 10 duniani. Uganda ilimpata wa kwanza mwaka 2004, Kenya mwaka 2006.

Mirija kama ya Lesley ndiyo habari kubwa ya Afrika. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulikuta kwamba asilimia 85 ya wanawake wagumba waliopimwa barani humu walikuwa na tatizo linalotokana na maambukizi. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huacha makovu, na klamidia kwa wanawake wengi haina dalili. Maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba ovyo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo wapo wengi waliozaa mtoto mmoja kisha mlango ukajifunga, nao hawahurumiwi na mtu: "Si unaye mmoja?"

Picha ya mirija yenyewe huweza kuwa dawa. Katika utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2017, kwa wanawake ambao mirija yao haikutiliwa shaka, waliopigwa picha kwa dawa ya mafuta walipata mimba kwa asilimia 39.7 ndani ya miezi sita. Waliopigwa kwa dawa ya maji, 29.1. Mafuta hayo hutokana na mbegu za mpopi.

Mwaka 1993 Alice Domar na wenzake huko Marekani walilinganisha majonzi ya wanawake wagumba na ya wagonjwa wengine, wakakuta yanakaribiana na ya wenye saratani. Mwenye saratani huletewa matunda. Huyu huletewa maswali.

Kisha kuna zile wiki mbili baada ya kuwekewa kiinitete. Wengi hulala chali wakiogopa hata kupiga chafya, lakini tafiti hazikuona faida ya kulala kitandani. Matiti kuuma, uchovu na hedhi kuchelewa vinaweza kuletwa na projesteroni wanayopewa. Hata kipimo cha mkojo kinaweza kusema uongo: sindano ya mwisho ya kupevusha mayai mara nyingi huwa na homoni ileile inayotafutwa na kipimo hicho, nayo huweza kubaki mwilini siku kumi au zaidi. Ndiyo maana kliniki husubiri kupima damu, na anayepiga simu kila asubuhi kuuliza "unajisikiaje?" anauliza jambo ambalo hata mwenyewe hawezi kulijua.