Makazi na Ajira Mwanza: Jinsi Hali ya Mtaa Inavyogusa Riziki ya Mkazi

Mkazi anapotafuta mahali pa kupanga au kujenga, kwa kawaida huuliza kwanza bei. Swali linalostahili kufuata ni hili: je, mtaa huo utamwezesha kupata riziki? Kwa jiji la Mwanza swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wa wakazi wake hawategemei tena ajira ya kiwandani.

Mji wa pamba na minofu

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukumani ilipata njia ya kwenda pwani, na mji ukakua kwa kazi ya kuhifadhi na kusafirisha mazao. Baada ya Uhuru vilijengwa viwanda, kikiwemo cha nguo cha MWATEX katika barabara ya Musoma, na makazi ya wafanyakazi yakaenea upande wa Nyakato na Igoma. Kufikia miaka ya 1990 mitambo ilikuwa imechakaa, nguo kutoka nje na mitumba zilikuwa zimejaa sokoni, na Serikali ilikuwa ikijiondoa katika umiliki wa viwanda. MWATEX ilisimama, kisha ikafufuliwa kwa jina la MWATEX 2001, lakini wingi wa ajira wa zamani haukurudi.

Katika kipindi hichohicho viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kandokando ya ziwa. Navyo vilipata misukosuko: kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja kwa sababu za kiafya, na baadaye upungufu wa sangara ulilazimisha baadhi ya viwanda kupunguza wafanyakazi au kufunga milango.

Mtaa unapogeuka mahali pa kazi

Kiwanda kinapofungwa, waliokuwa wakikitegemea hawahami kwa siku moja. Nyumba zao zipo hapo, na watoto wao wanasoma hapo. Huanza kuuza dagaa na mapanki, kupika chakula, kushona nguo au kuendesha bodaboda. Baraza, uani na genge la kona huwa ndiyo karakana mpya. Hivyo maji, njia na usafi, ambavyo kwa mwajiriwa wa kiwandani vilikuwa mambo ya nyumbani tu, huwa nyenzo za kazi.

Mfano wa wazi ni mama lishe anayeishi mlimani. Bomba lisipofika kwake, hununua maji kwa dumu na kulipa wa kuyapandisha, na gharama hiyo hukatwa katika faida ya kila sahani. Chanzo cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimeongeza maji yanayoingia katika mtandao wa MWAUWASA. Hata hivyo, kuyafikisha juu ya miamba kunahitaji pampu, matangi na mabomba ya ziada. Ndiyo maana nyumba mbili zinazoonana zinaweza kuwa na huduma tofauti.

Majitaka nayo ni tatizo la miamba. Shimo la choo halichimbiki kwa urahisi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Kwa sababu hiyo MWAUWASA ililaza mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba katika maeneo kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Anayeuza chakula katika mtaa wenye mfumo huo hapotezi wateja kila mvua inaponyesha na majitaka kutiririka njiani.

Barabara za mawe zilizojengwa katika baadhi ya vilima zina faida mara mbili. Mawe hupatikana hapahapa, na kuyavunja na kuyapanga ni kazi inayoweza kufanywa na wakazi wenyewe. Ujenzi ukiisha, bajaji na pikipiki hupita, na mzigo haubebwi tena kichwani.

Ardhi na mtaji

Urasimishaji humwezesha mkazi wa eneo lisilopimwa kutambuliwa kisheria kwa leseni ya makazi au hati. Majirani hukubaliana mipaka na kuachia nafasi ya njia kabla ya upimaji. Nyaraka hizo zinaweza kutumika kama dhamana ya mkopo, lakini mkopo usiporejeshwa, nyumba ya familia inaweza kuuzwa. Ni uamuzi wa kufikiriwa na familia nzima.

Kwa asiye na dhamana ya nyumba, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Fedha hizi si ruzuku: marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kikundi kingine. Wanaohitaji ujuzi kabla ya mtaji wanaweza kuulizia mafunzo ya VETA na huduma za SIDO, zote zikiwa Nyakato.

Nafasi ya mwananchi

Huduma za mtaa haziwezi kuziba pengo lote la kiwanda. Barabara hupunguza gharama ya kufikisha bidhaa, haimtengenezi mnunuzi. Lakini mtaa usio na maji wala njia humfanya hata mwenye bidii afanye kazi kwa hasara.

Uchaguzi wa kipi kitangulie, iwe bomba, mtaro au barabara, huanzia katika mkutano mkuu wa mtaa, ambako pia taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Wafanyabiashara wadogo ndio wanaojua ni kero ipi inayowagharimu zaidi kwa siku. Wasipohudhuria, vipaumbele hupangwa bila hesabu zao.