Nishani ya Vita: Usinunue Hadithi

Ewe msomaji unayependa kukusanya vitu vya kale, jihadhari na wauzaji wa nishani za Wajerumani za Vita Vikuu vya Pili. Watakusimulia jinsi ilivyotolewa kifuani mwa afisa. Hadithi si ushahidi. Kagua nishani yenyewe.

Chukua Msalaba wa Chuma, ambao huigwa sana. Ulianzishwa 1813 na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, ukarejeshwa 1870, 1914 na 1939. Ule wa 1939 kwa kawaida ni vipande vitatu: kiini cha chuma cheusi, na fremu mbili za rangi ya fedha zilizolehemiwa ukingoni kukishikilia.

Kwanza, weka sumaku katikati. Isiponasa, tia shaka, ingawa michache halisi ina kiini kisicho cha chuma. Pili, tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Bandia iliyomiminwa nzima haina maungio. Tatu, mulika utepe gizani kwa taa ya kukagulia noti. Nyuzi zikiwaka, zina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya vita.

Je, ukikuta majani ya mwaloni badala ya swastika? Huo ulitengenezwa kufuatia sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957, iliyowaruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani bila alama ya Wanazi. Si bandia, lakini haukufika vitani.

Na ukipata halisi, usiuvae kama pambo. Mamilioni waliuawa chini ya alama ile. Uhifadhi kama ushahidi wa historia, na ukumbuke: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.