Rufani ya Mfanyakazi wa Reli Aliyefukuzwa kwa Kosa la Nidhamu

Katika vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi wa reli, habari za mwanachama aliyefukuzwa kazi mara nyingi humfikia katibu kwa orodha ya makato. Mwisho wa mwezi jina halimo, mkopo haukulipwa, na wadhamini huanza kuulizana ni nani atakayekatwa. Kwa hiyo rufani ya mwanachama huyo si jambo lake peke yake. Nazo rufani hupotea mara nyingi kwa sababu siku zimepita na karatasi hazikutunzwa, hata pale ambapo haki ilikuwapo. Yaelezwayo hapa yahusu sheria ya Kenya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kumfukuza mtu papo hapo kwa kosa kubwa. Kifungu cha 44 chataja baadhi ya makosa hayo: kutokuwapo kazini bila ruhusa, ulevi unaomzuia mtu kufanya kazi yake sawasawa, uzembe, matusi kwa mkubwa wa kazi, kukataa amri halali, na kushukiwa kwa sababu za kutosha kuwa amevunja sheria kwa kumdhuru mwajiri au mali yake. Katika reli makosa haya hayachukuliwi kwa wepesi, na ni haki yasichukuliwe hivyo. Dereva aliyepita ishara nyekundu ameweka roho za watu hatarini. Hata hivyo uzito wa kosa haumwondolei mwajiri wajibu wa kumsikiliza mshtakiwa.

Wajibu huo umo katika kifungu cha 41. Mwajiri hana budi kumweleza mfanyakazi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kutaka kumwachisha. Mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, amchaguaye mwenyewe. Maneno ya wote wawili yapasa kusikilizwa na kufikiriwa kabla ya uamuzi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 2010 kwamba kusikilizwa si lazima kuwe kwa mdomo; maelezo ya maandishi yaweza kutosha. Kwa sababu hiyo barua ya kujieleza, ambayo wengi huiandika kwa haraka usiku mmoja, yaweza kuwa ndiyo nafasi yote aliyonayo mtu ya kujitetea.

Uchukuliwe mfano wa dereva wa treni ya mizigo anayeshtakiwa kwamba dizeli ya injini imepungua katika zamu yake. Akiandika, “Sikuiba, lakini naomba nisamehewe,” amekana na kukiri katika mstari mmoja. Barua iliyo bora huuliza kipimo cha mafuta kilisoma kiasi gani alipoipokea injini, ni nani aliyemkabidhi, treni ilisimama stesheni gani na kwa muda gani ikisubiri treni nyingine ipite. Majibu ya maswali hayo yamo katika daftari la injini, madaftari ya stesheni na orodha ya zamu. Vitabu hivi vyote ni mali ya mwajiri, na siku mtu atakapofukuzwa hataruhusiwa kuvigusa. Basi aombe nakala kwa maandishi angali kazini, aweke nakala ya ombi lenyewe, na aandike kwake tarehe, nambari ya treni na majina ya mashahidi. Akinyimwa nakala, ombi lile lililokataliwa litamfaa baadaye, maana mbele ya mahakama ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu ya kumfukuza.

Barua ya kufukuzwa ikishatoka, atazamwe yule ambaye kanuni za kazi zamtaja kuwa mpokeaji wa rufani, na siku zilizowekwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi apaswa kuzieleza kanuni hizo kwa maandishi. Rufani iseme wazi ni lipi linalopingwa: kwamba kosa halikutendeka, au hakusikilizwa, au adhabu imezidi kosa kwa kuutazama utumishi wake wa nyuma. Ada za shule na wingi wa watoto ni mambo ya kweli, lakini si hoja ya rufani. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hapa pana mtego ulionasa wengi. Malalamiko kwa Ofisa wa Kazi yapasa kufikishwa katika miezi 3 tangu kufukuzwa, na kesi mahakamani katika miaka 3. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2016 kwamba muda wa kesi huhesabiwa tangu siku ya kufukuzwa. Mazungumzo na mwajiri hayausimamishi. Anayekaa akingoja jibu la wakubwa aweza kuupoteza mlango wa mahakama. Vilevile, kuachiliwa katika kesi ya jinai hakumrudishi mtu kazini kwenyewe.

Akishinda, mahakama yaweza kuamuru arudishwe, au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Aliyechangia kosa mwenyewe aweza kupunguziwa. Akishindwa pia, mshahara wake hadi siku ya kufukuzwa na cheti cha utumishi bado ni haki yake.

Kwa upande wa chama, kamati haina kazi ya kuamua kama mwanachama ana hatia. Katibu amwite mapema pamoja na wadhamini, waelewane kwa maandishi juu ya malipo ya muda, kabla akiba haijakatwa na deni lililobaki kugawanywa. Katibu aliye mfanyakazi wa reli hiyo hiyo aweza kuchaguliwa kumsindikiza mbele ya wakubwa, lakini kama yeye ni mdhamini wa mkopo huo, heri achaguliwe mwingine. Na mwanachama akirudishwa kazini, malimbikizo ya mkopo yagawanywe kwa miezi kadhaa. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara.