Sauti Isiyo na Tarehe

Mnunuzi wa mbuzi wa Kiamaiko, Nairobi, siku hizi si lazima apande gari hadi Isiolo ndipo aone mifugo. Dalali wa Oldonyiro humsimamisha mbuzi kando ya boma, akampiga picha ya ubavu na nyingine ya nyuma ili mnunuzi aone nyama ya mapaja, kisha huzituma kwa WhatsApp. Bei hupatanwa papo hapo kwa ujumbe wa sauti, na pesa za kwanza huingia kwa M-Pesa kabla lori halijapakiwa. Zamani mfugaji aliswaga mbuzi wake hadi mnadani bila kujua bei. Akifika, hakuweza kuwarudisha nyumbani, kwa maana njiani hapakuwa na maji, na dalali alilijua hilo vizuri sana. Leo mwenye simu hujua kabla ya kutoka bomani kama safari inafaa. Anayesema mitandao ya kijamii ni balaa tupu hajawahi kuuza mbuzi wakati wa kiangazi.

Kuna pia michango ya hospitali na mazishi, ambayo kikundi kimoja cha WhatsApp huikusanya kwa usiku mmoja, na kuna mama wa Bulapesa, mjini Isiolo, anayeuona uso wa binti yake aliyeko kazini Ghuba. Sitayakalia hayo, kwa kuwa kila msomaji anayo ya kwake. Nataka kukaa na ujumbe wa sauti, maana hapo ndipo faida na hatari zimeshikana mno.

WhatsApp ilianza kubeba sauti mwaka 2013. Kwa mji wa karani na mwalimu hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa wafugaji wa kaskazini ya Kenya mlango mzima ulifunguka. Wazee wengi hawakusoma, na hata waliosoma walifundishwa kuandika Kiswahili na Kiingereza, si Kiborana, Kiturkana wala Kisamburu. Sauti iliwapa simu kwa lugha yao wenyewe. Mzee aliyekuwa akisubiri kijana amsomee sasa anabonyeza, anasema, anaachilia.

Lakini sauti iliyorekodiwa ina kasoro zake. Tuseme mtu anasema huku akihema: wamechukua ng'ombe, wanaelekea mtoni, tokeni. Hakutaja siku, kwa kuwa aliokuwa akiwaambia waliijua. Hakutaja mahali, kwa kuwa wote walikuwa hapo. Miaka miwili baadaye mtu anaisambaza tena. Saa inayoonekana chini ya ujumbe ni saa ya kutumwa, wala si saa ya kurekodiwa. Jina la aliyesema limeshapotea, maana ujumbe uliosambazwa hauonyeshi ulikoanzia. Kilichobaki ni woga, na woga wa mtu wa lugha yako hauhitaji ushahidi ili uuamini.

WhatsApp yenyewe imejaribu kupunguza kasi. Mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au vikundi vitano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukawa unapita kwa mmoja tu kila mara. Hatua nzuri, ila kwa sauti kuna upenyo mwepesi: unaicheza kwenye simu moja na kuirekodi kwa nyingine, nayo inazaliwa upya bila alama yoyote. Isitoshe, tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea. Faragha hiyo ni haki yetu na ningeitetea popote, lakini maana yake ni kwamba hakuna mlinzi mlangoni.

Isiolo ina jambo jingine linaloikuza hatari hii. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana soko moja, lakini vikundi vyao vya simu mara nyingi vimegawanyika kwa lugha. Uvumi ukianza katika kikundi cha lugha moja, anayeshutumiwa hausikii. Hawezi kujibu kwamba ng'ombe hawakuibwa, wamepotea tu na wako kwake. Sokoni angejibu, hata kwa ukali. Simuni anahukumiwa akiwa hayupo, na mji uliopitia mapigano ya kikabila ya 2011 na 2012 unajua hukumu kama hiyo inaweza kutekelezwa na nani.

Kwenye mitandao iliyo wazi, kama Facebook, wako wakaguzi. Swali ni kama wanaielewa lugha. Desemba 2022 Mwethiopia Abrham Meareg alifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook, katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Baba yake, Profesa Meareg Amare, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandamwa kwa machapisho ya Facebook, na mlalamishi anasema kampuni ilionywa lakini haikuchukua hatua kwa wakati. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Kiamhari, lugha kubwa ya Ethiopia, kina wasemaji mamilioni mengi na bado malalamiko ndiyo hayo. Wasamburu wategemee nini?

Malisho nayo yameingia mtandaoni. Miongoni mwa Waborana wa Waso, yaani wa Isiolo, wazee wa jarsa dedha ndio huamua eneo gani lilishwe msimu gani na lipi lihifadhiwe kwa kiangazi. Azimio la Modogashe la 2001, mapatano ya amani ya jamii za wafugaji, lilitaka anayehamisha mifugo aombe kwanza idhini ya wazee wa anakokwenda. Kisha kijana anachapisha video ya nyasi za kijani baada ya mvua, kwa furaha tu, na siku chache baadaye malori na makundi ya mifugo yanaingia kabla mzee yeyote hajaombwa. Katika eneo lililotoka kwenye misimu mitano ya mvua iliyokosekana kati ya 2020 na 2022, video hiyo ni ramani ya hazina. Ningewaomba vijana wasitaje mahali.

Tukirudi kwenye uvumi, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu uchochezi kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3. Ipo, na itumike, lakini hufika baada ya mazishi. Anayeweza kufika mapema ni admini wa kikundi. Tangu 2018 anaweza kufunga kikundi ili maadmini pekee ndio watume, na tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Usiku wa taharuki, afunge. Kisha ampigie chifu au mjumbe wa kamati ya amani wa upande wa pili, aulize ng'ombe gani, wapi, lini, na arekodi jibu kwa sauti yake mwenyewe, akianza na jina, tarehe na mahali alipo.

Njia hiyohiyo ifanye kazi hata wakati wa utulivu. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kaunti, yenye bei ya mbuzi na umbali wa kufika majini, ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Dakika tatu za sauti kwa Kiborana, na tatu kwa Kiturkana, zingeifikisha hadi Merti, mbali na mji wa Isiolo.