Kijana Anayekwenda Kujifunza Lori

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na karatasi mbili mkononi. Mama huyu ni mhitimu wa darasa la kisomo katika kijiji kimoja karibu na Makambako. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya dereva mwanafunzi katika kampuni kubwa ya malori huko Dar es Salaam. Karatasi zile zilikuwa za mkataba. Kijana alitaka kutia sahihi siku ile ile, maana aliogopa kwamba nafasi itapotea. Mama akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, nisome." Akasoma polepole, kidole juu ya mstari. Alipofika karatasi ya pili akasimama kwenye maneno haya: "Mwajiriwa atakatwa hasara yoyote itakayotokea safarini."

Akatuuliza neno moja tu: "Yoyote?"

Swali hilo tutalijibu. Lakini kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaijua kwa kuiona kutoka kando ya barabara tu. Tunaona lori linapita, kichwa kinang'aa, dereva kaweka mkono dirishani. Yaliyomfikisha pale hatuyaoni.

Barabara hii inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma ina urefu unaozidi kilomita 900. Wazee wanaikumbuka ilivyokuwa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, na njia ile ikafungwa. Ikabidi mafuta ya Zambia yapite kwetu, ndani ya mapipa, juu ya malori, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika malori yalizama, kiangazi vumbi lilimziba dereva macho. Ajali zilikuwa nyingi hata watu wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta likamalizika, baadaye ikaja lami, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili. Hata hivyo malori hayakuisha. Siku hizi yanapeleka mafuta, mbolea na bidhaa za madukani Zambia na Kongo, na yanarudi na shaba. Kwa hiyo madereva bado wanatakiwa.

Zamani kijana alianza kuwa utingo. Alilinda mzigo, alifunga turubai, alilala chini ya tela, na dereva akimpenda alimwachia usukani kidogo mahali penye uwanja. Wengi walijifunza hivyo, na wako madereva hodari waliotokea huko. Lakini kampuni kubwa za leo zinataka vyeti. Leseni ya Tanzania ina madaraja yanayoandikwa kwa herufi, na leseni ya gari dogo haikuruhusu kuendesha lori lenye tela. Mafunzo yake yanatolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975 pale Mabibo, Dar es Salaam. Vyuo vya VETA navyo vinafundisha udereva. Basi kijana akiitwa "dereva mwanafunzi" na kampuni, maana yake mara nyingi ni kwamba leseni anayo tayari. Anachokwenda kujifunza ni lori lao, mzigo wao na njia yao. Tunasema kijana, lakini wako pia akina dada wanaoendesha malori haya, na usukani haukatai mkono wa mtu.

Na hapa tuseme jambo moja waziwazi. Tunamjua baba aliyeuza ng'ombe wawili akampa fedha mtu aliyejidai kuwa na ndugu katika kampuni. Mtu yule hakuonekana tena. Kampuni ya kweli ina ofisi, ina karani, inatoa fomu, inampima kijana macho, na inamwambia aendeshe lori ndani ya yadi wakati watu wanatazama. Anayetaka fedha yako kwanza, kwenye simu au kwenye kibanda cha chai, huyo anauza maneno.

Sasa kijana amepokelewa. Siku za mwanzo anaweza asiguse usukani kabisa. Anapewa dereva mzoefu, na kazi yake ya kwanza ni kulizunguka lori kwa miguu. Lori la kawaida la safari ndefu lina kichwa chenye magurudumu 10 na tela yenye magurudumu 12. Jumla ni 22. Kila asubuhi yote 22 yanatazamwa. Anayagonga kwa chuma na kusikiliza, kwani tairi lenye upepo wa kutosha na tairi lililolegea hazitoi sauti moja. Anashika nati. Anatazama taa za nyuma, anainama kutazama kama mafuta yanavuja, anahakikisha kwamba ile pini kubwa ya tela imekaa sawasawa katika sahani ya kichwa na imefungwa. Wako wanaoona kazi hii ni ya utingo, wanaifanya nusu nusu. Tela ikichomoka mlimani ndipo wanapojua ilikuwa kazi ya nani.

Jambo la pili ni breki, na hapo tutakaa kidogo.

Breki za gari dogo hutumia mafuta maalumu. Breki za lori kubwa hutumia upepo. Injini inaendesha pampu, pampu inajaza upepo katika mitungi iliyo chini ya lori. Dereva akikanyaga breki, upepo unakimbilia kwenye magurudumu na kuvisukuma vipande vya breki vibane. Ile sauti ya "psss" unayoisikia lori likisimama ni upepo huo ukitoka. Ndiyo maana asubuhi dereva hawashi na kuondoka hapo hapo. Anangoja mshale wa upepo upande. Pia mitungi ile hukusanya maji, na maji hayo lazima yatolewe.

Haya, lori sasa limefika Kitonga, ule mlima wa kona nyingi mkoani Iringa, nalo linashuka na mzigo wa tani 25 au 30. Wenye mikokoteni ya ng'ombe wanaelewa haraka jambo hili. Mteremkoni mkokoteni unawasukuma ng'ombe kutoka nyuma, na ukiwaachia wakimbie, hutaweza kuwasimamisha tena. Lori ni hivyo hivyo. Dereva mgeni huona breki zipo, basi anazikanyaga muda wote. Vipande vinasugua, vinapata moto, moshi unaanza kutoka. Breki iliyopata moto sana haishiki tena, hata kama upepo umejaa mitungini. Hapo ndipo lori "linafeli breki", na kumbe asubuhi breki zilikuwa nzima.

Anachofundishwa mwanafunzi ni kupunguza mwendo kabla ya mteremko, akiwa bado juu. Anaweka gia nzito, yaani ile ambayo angeitumia kupanda mlima huo huo, na kuiacha injini ilizuie lori. Breki anakanyaga kwa vipindi, halafu anaachia zipoe. Wako madereva wanaotoa gia kabisa mteremkoni ili wabakize dizeli na kuiuza. Mwanafunzi akipangiwa na dereva wa namna hiyo, na arudi akaseme ofisini, hata kama ataitwa mwoga.

Kurudi nyuma na tela kunawatoa jasho wengi. Ukizungusha usukani kushoto, mkia wa tela unakwenda kulia. Mtu anajifunza yadini, kwa mapipa matupu, siku baada ya siku. Kwenye kona nako tela haifuati njia ya kichwa bali hukata kwa ndani. Ndugu zetu waendesha baiskeli, msisimame upande wa ndani wa lori linalokata kona. Dereva huenda asikuone kabisa, hata katika vioo.

Kisha iko mizani. Pale Vigwaza, Makambako, Mpemba na kwingineko lori linapimwa. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka mwisho wa tani 56 kwa lori na mzigo wake pamoja. Lakini haipimwi jumla peke yake. Kila ekseli, yaani kile chuma kinachobeba magurudumu ya pande mbili, ina kiasi chake. Ile ya mbele yenye usukani mwisho wake ni tani 8. Kwa hiyo jumla inaweza kuwa sawa, lakini mzigo umelalia upande mmoja, ukaonekana umezidi. Mwanafunzi mwerevu anakuwapo wakati wa kupakia. Anatazama mzigo unavyopangwa, anasoma hati ya mzigo, anahesabu magunia mwenyewe, anaandika namba ya lakiri iliyofungwa mlangoni. Akitia sahihi kwamba amepokea magunia 600 na ndani yamo 590, yale 10 ni yake.

Mwendo wa magari yanayozidi kilo 3,500 usizidi kilomita 80 kwa saa barabara kuu, na kilomita 50 penye makazi ya watu. Pale Mikumi, ambapo barabara inapita katikati ya hifadhi, vibao vina mwendo wake, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Zambia huendesha kushoto kama sisi. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, unahamia kulia. Wapo waliosahau jambo hilo asubuhi, baada ya kulala.

Kuhusu usingizi: sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa moja baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo. Dereva wa lori hudhani anaweza kushindana na usingizi kwa kahawa na muziki. Macho hufunga kwa sekunde chache tu, na kwa sekunde hizo lori limekwenda mbali sana. Ukisikia shingo nzito, egesha mahali salama ulale.

Sasa turudi kwa mama yetu na lile neno "yoyote".

Tukafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri anapaswa kuhakikisha ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo kuuliza sio ujeuri.

Na makato je? Mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini sio hasara yoyote. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima apewe maandishi yanayoeleza imetokeaje, ni kiasi gani na imehesabiwaje. Lazima apewe nafasi ya kuipinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Tena makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Tukapiga hesabu pamoja na mama. Mshahara ulioandikwa ulikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Robo yake ni 100,000. Basi hata kama kijana angevunja taa na kioo kwa uzembe wake mwenyewe, mwezi ule asingepaswa kukatwa zaidi ya 100,000 kwa hasara hiyo. Na tairi likipasuka kwa uchakavu, kosa sio lake. Mama aliifanya hesabu mwenyewe, mara mbili, nyuma ya bahasha.

Alitaka kujua pia kama jina la mwanawe litapelekwa NSSF, na posho ya safari inalipwa kabla au baada ya safari. Mkatabani hayo hayakuwamo. Tukamwandikia kijana maswali yote matatu katika karatasi moja.

Kijana alirudi Dar es Salaam akiwa na wasiwasi. Alitusimulia baadaye kwa simu. Karani alinuna, akasema, "Wenzako wote wametia sahihi, wewe nani?" Kijana akasema, "Mzee, samahani, mama amesema nisitie sahihi mpaka neno hili lielezwe." Karani akaingia ndani kwa mkubwa wake. Alikaa huko kama nusu saa. Alipotoka, neno "yoyote" lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake imeandikwa "iliyothibitishwa kuwa ni kosa lake, kwa mujibu wa sheria", na sahihi ya mkubwa pembeni. NSSF ikaongezwa chini. Posho waliacha bila kuandika, wakasema hulipwa kabla ya safari, na tumemshauri aandike kila anachopokea katika daftari lake, pamoja na tarehe.

Sasa yuko katika safari yake ya pili ya Tunduma, bado amekaa upande wa abiria, na kila asubuhi anagonga magurudumu 22. Mama anayo nakala ya mkataba. Ameiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha kisomo.