Usimfokee kijana wa laini, muulize 'nani kaamua?'

Wiki hii safu yenu imepita Babati, ikaingia Katesh kule Hanang, kisha ikazungukia Dongobesh na Haydom wilayani Mbulu. Najua wajanja wa mjini mnadhani huko hakuna jipya zaidi ya ngano ya Basotu na vitunguu saumu vya Bashay. Kumbe kuna kazi moja ngumu jamani, na anayeifanya ni kijana mwenzenu aliyevaa fulana ya kampuni ya simu, kakaa chini ya mwavuli, anawaeleza watu uamuzi ambao yeye hakuufanya.

Na si kueleza tu. Kwa Wairaqw wa Mbulu anatakiwa aeleze Kiiraqw, kwa Wabarbaig wa Hanang aeleze Kidatoga, wakati tangazo lenyewe limeandikwa Dar es Salaam kwa Kiswahili cha ofisini. Mara nyingi kijana mwenyewe kalipata kwenye simu dakika ile ile mteja alipolipata.

Nakumbuka mnada mmoja pale Katesh, Julai 2021. Mzee kauza ng'ombe, pesa imeingia kwenye simu, kaja kuitoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, ng'ombe nimefuga mimi, nimeuza mimi. Huyu mwingine anayekula ni nani?"

Kijana akajibu bila hata kuinua macho: "Ndiyo kampuni ilivyopanga, mzee." Basi bwana, hapo ndipo alipoharibu! Mzee kaanza kufoka, na waliosubiri nyuma nao wakadakia, ikawa kampuni wezi, wakala wezi, kila mtu mwizi. Alikuja kuokoa jahazi binti wa meza ya pili. Aliomba simu ya mzee, akamsomea ujumbe kwa Kidatoga mstari kwa mstari: hii ni ada ya kampuni, na hii ni tozo ya serikali. Mzee hakufurahi, nani angefurahi? Lakini alinyamaza, akauliza swali la maana: "Sasa hilo la serikali nikamwambie nani?"

Hapo ndipo penyewe, msomaji wangu. Tozo ile ilianza Julai 15, 2021, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, na ilipitishwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka ule. Wa kuambiwa alikuwa mbunge, siyo kijana wa mwavuli. Na kelele zilipofika kunakohusika, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ukimfokea asiyehusika unaambulia kukauka koo tu.

Chukua na usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 1, 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, halafu Rais Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Bila namba ya NIDA husajiliwi. Waliofungiwa laini walikwenda kuwafokea vijana wa kampuni, wakati amri ilikuwa ya serikali kupitia TCRA, na foleni yenyewe ilikuwa NIDA.

Ila msidhani nawatetea wakubwa wa kampuni, thubutu! Aprili 2, 2021, kanuni mpya za TCRA za vifurushi zilipoanza, bei mpya ziliwekwa na kampuni zenyewe. Nchi nzima ikapiga kelele, serikali ikazisimamisha. Kijana aliyesema siku ile kwamba "ni serikali hiyo" naye alikuwa anapaka rangi upepo.

Na mwaka 2024, Novemba, Tigo ikageuka Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Hebu fikiria unamweleza hilo bibi wa Dongobesh mwenye akiba yake humo! Ukimwambia "ni muonekano mpya wa kisasa" atatoa pesa zote akazifukie chini ya kitanda. Mwambie hivi: bibi, nyumba iliuzwa mwaka 2022, Millicom ikamuuzia Axian, na jina la Tigo ni la Millicom, mpaka leo inalitumia huko Amerika ya Kilatini. Mwenye kibao kaondoka na kibao chake. Namba yako ni ile ile, pesa yako ipo. Atakuelewa mara moja. Si huyu huyu aliyeiona Celtel ikiwa Zain mwaka 2008, na Zain ikiwa Airtel mwaka 2010?

Kwa hiyo ninyi mnaovaa fulana za kampuni, msijifanye wakurugenzi, na msikimbilie "ni mfumo". Mfumo hauna mdomo wala haukai kikao. Semeni mambo matatu tu: nani kaamua, kinachobadilika ni nini, na malalamiko yapelekwe wapi. Kama hujui, sema ngoja niulize, heshima haipungui.

Na wewe unayepandisha mori mbele ya meza, punguza jazba. Huyo naye ana laini kama yako, anakatwa kama wewe. Muulize kwanza nani kaamua, halafu kafoke huko.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.