Kubadili Lugha ya Programu Bila Kubadili Kazi Yake

Programu ya kompyuta iliyokwisha kutumika kwa miaka ishirini hufanana na jahazi lililo safarini. Haiwezekani kulipandisha pwani na kulifumua lote kwa mara moja, kwa kuwa ndani yake wamo abiria. Mbao zilizooza hapana budi zibadilishwe mojamoja huku chombo kikiendelea kuelea. Hiyo ndiyo kazi iwakabiliyo wahandisi wanaoingiza lugha mpya iitwayo Rust katika programu kongwe zilizoandikwa kwa lugha ya C.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha yenye kasi, nayo humwachia mhandisi uhuru mkubwa juu ya kumbukumbu ya mashine, yaani mahali ambapo kompyuta huhifadhi tarakimu inazozifanyia kazi. Uhuru huo una hasara yake. Mhandisi akitenga nafasi 100, kisha programu ikataka kusoma nafasi ya 101, C haiizuii. Itasoma chochote kilichopo hapo, hata kikiwa ni siri ya mtu mwingine. Kosa la jinsi hiyo katika programu ya OpenSSL, lililotangazwa mwezi Aprili 2014 na kupewa jina la Heartbleed, liliwawezesha wageni kuchota vipande vya kumbukumbu kutoka katika seva nyingi duniani. Mwaka 2019 wataalamu wa Microsoft walieleza kwamba yapata asilimia 70 ya kasoro za usalama walizokuwa wakizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu.

Rust ilianzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006, na toleo lake la kwanza kamili likatolewa tarehe 15 Mei 2015. Katika lugha hii kila kitu kilichomo katika kumbukumbu kina mwenyewe mmoja. Wengine wanaweza kukiazima, lakini kwa masharti: ama wawe wengi wanaosoma tu, ama awe mmoja tu anayebadilisha. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mhandisi kuwa amri za mashine, hukagua masharti hayo na kukataa kazi inayoyavunja. Kwa sababu hiyo kivinjari cha Firefox kilianza kubeba sehemu za Rust mwaka 2016, na kiini cha Linux kikaipokea mwezi Desemba 2022.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba kompaila haijui programu ilikusudiwa kufanya nini. Inaweza kuthibitisha kwamba hakuna nafasi ya kumbukumbu iliyotumiwa isivyo halali. Haiwezi kuthibitisha kwamba kodi ya asilimia 18 imekokotolewa kwa asilimia 18. Mwenye kuandika upya fungu la C kwa Rust anaweza kupata programu salama kabisa inayotoa majibu yasiyo sahihi. Kinga dhidi ya hilo ni majaribio ya kujiendesha: programu ndogondogo ambazo huipa programu kubwa maswali yenye majibu yanayojulikana, kisha hulinganisha. Mkaguzi wa mizani haulizi mizani ilitengenezwa na nani wala kwa chuma gani. Huweka juu yake jiwe la kilo moja na kutazama mshale. Vivyo hivyo jaribio zuri haliulizi lugha.

Mfano ulio wazi ni wa librsvg, maktaba ya programu iliyo katika mradi wa GNOME tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi yake ni kuchora picha za SVG. Picha ya namna hiyo haihifadhi nukta za rangi bali maelezo: anzia hapa, vuta mstari mpaka pale, jaza rangi ya kijani. Librsvg huyasoma maelezo hayo na kuyageuza kuwa nukta, ambazo huitwa pikseli. Seva za Wikipedia zimeitumia kwa miaka mingi kutayarisha ramani na michoro kwa wasomaji, nao wasomaji wa Wikipedia ya Kiswahili wamo miongoni mwao. Mwanafunzi atazamaye ramani ya mikoa aghalabu hajui kwamba kuna maktaba kama hiyo. Angeijua siku ambayo mpaka wa mkoa ungechorwa mahali pasipo pake.

Mwaka 2016 Federico Mena Quintero, mmoja wa waanzilishi wa GNOME, alianza kuihamisha librsvg kutoka C kwenda Rust, fungu kwa fungu, na toleo la kwanza lenye Rust ndani yake, la 2.41.0, likatoka mwezi Januari 2017. Miongoni mwa mafungu ya mwanzo kabisa kuhamishwa lilikuwa lile linalochora alama juu ya mistari, kama vile vichwa vya mishale. Fungu hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, maana hisabati yake ni ya shule ya sekondari.

Chukua mstari unaokwenda chini moja kwa moja, ukipita nukta (0,0), (0,10) na (0,20). Katika SVG mhimili wa y huelekea chini, hivyo mwelekeo wa mstari huu ni nyuzi 90. Kichwa cha mshale kikiwekwa kwenye nukta ya kati, huelekezwa katikati ya pembe ya kipande kinachoingia na pembe ya kipande kinachotoka. Hapa zote ni 90, basi jibu ni 90. Sasa fikiria kwamba mchoraji, kwa kubofya mara mbili, ameirudia nukta ya kati: (0,0), (0,10), (0,10), (0,20). Kwa macho mchoro ni uleule. Lakini kati ya nukta mbili zinazofanana kipo kipande chenye urefu wa sifuri, na kipande cha urefu wa sifuri hakina mwelekeo. Mwanahisabati angesema swali halina jibu. Kompyuta haisemi hivyo: kanuni ya tanjenti kinyume inayotumiwa kutafuta pembe, ikipewa sifuri na sifuri, hujibu sifuri bila kulalamika. Mhandisi asiye na hadhari atachukua wastani wa 90 na 0, na mshale utaelekea nyuzi 45, ukiuacha mstari wake kama msafiri aliyepotea njia panda. Kanuni za SVG huagiza kwamba kipande kisicho na urefu kiazime mwelekeo wa vipande jirani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kosa hilo linawezekana katika C na katika Rust pia. Tanjenti kinyume ya Rust nayo hujibu sifuri, na kompaila huridhika. Jaribio la mistari michache tu, lenye zile nukta nne na jibu la 90, hulifichua mara moja. Jaribio huruhusu tofauti ndogo sana kati ya majibu, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa makadirio. Katika Rust majaribio kama haya huandikwa karibu na kazi inayojaribiwa, na amri moja huyaendesha yote. Wepesi huo si jambo dogo: jaribio lililo gumu kuendeshwa haliendeshwi.

Juu ya majaribio ya vipande yapo majaribio ya picha nzima. Faili ya SVG huchorwa, na matokeo hulinganishwa, pikseli kwa pikseli, na picha ya rejea iliyohifadhiwa. Hapa ugumu huanza. Maandishi yaliyomo ndani ya picha hutegemea fonti zilizomo katika mashine, kwa hiyo picha ileile inaweza kutofautiana kati ya kompyuta mbili ingawa maktaba haina kosa. Dawa yake ni kuambatanisha fonti maalumu pamoja na majaribio. Kingo za mistari nazo hulainishwa kwa rangi za kati, ambazo huweza kupishana kidogo kwa sababu ya makadirio ya hesabu. Kipimo cha uvumilivu kikiwa kidogo mno, majaribio hulia kila siku bila sababu, na wahandisi huzoea kuyapuuza. Kikiwa kikubwa mno, kosa halisi hupita. Hakuna kanuni ya kukipata kiasi kinachofaa ila kwa kuyachunguza matokeo yenyewe.

Mpangilio wa kazi una uzito wake. Majaribio hayana budi kuandikwa kwanza, wakati fungu la zamani lingali mahali pake, na yafaulu juu ya C kabla ya mstari wowote wa Rust kuandikwa. Yakiandikwa baadaye, mwandishi hujikuta akithibitisha alichokwisha kukifanya, si kile ambacho watumiaji walikuwa wakikipata. Na pale ambapo programu ya zamani yenyewe ilikosea? Iliyo busara ni kulihamisha fungu pamoja na kosa lake, kisha kulisahihisha kosa kwa badiliko la pekee, ili anayesoma kumbukumbu za kazi miaka kumi baadaye ajue lipi lilikuwa la lugha na lipi la maana. Ushauri huu huwaudhi wenye haraka.

Mpaka kati ya lugha mbili ndio mahali pa hatari zaidi. Pale ambapo C huiita Rust, kompaila ya Rust haiwezi kujua kama kile ilichokabidhiwa na C ni halali, inaamini tu. Tena, programu ya C inayosoma nje ya mipaka huweza kuendelea kwa miaka bila mtu kutambua, ilhali Rust, ikikutana na hali hiyohiyo wakati wa kazi, husimamisha shughuli. Kusimama huko ni afadhali kuliko kuvuja kwa siri, lakini mtumiaji huona programu iliyokuwa ikifanya kazi jana imekufa leo. Kwa hiyo mafaili yaliyoharibiwa makusudi, mengine yakitengenezwa na mashine kwa bahati nasibu, hulishwa kwa maktaba ili kuona kama itakataa kwa adabu au itaanguka.

Ili majaribio yenyewe yaaminike, mhandisi hutia kosa kwa makusudi, kwa mfano kugeuza alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa, na kuhakikisha kwamba walau jaribio moja linashindwa. Katika librsvg sehemu kubwa ya majaribio, ambayo hapo mwanzo yalikuwa ya C, hatimaye nayo ilihamishiwa Rust. Fungu moja lilibakizwa katika C, lile linaloiita maktaba kutoka nje, kwa sababu programu nyingi zinazoitumia bado zimeandikwa kwa C, nazo huingia kwa mlango huohuo.